Mwaka Niliopumzishwa

"Chukua na kiti chako," aliniambia Mwalimu Khatib mbele ya darasa zima. Nilidhani sikusikia vizuri, maana mwaka ule maneno yote yalikuwa yananifikia kama yanatoka chumba cha pili. Akarudia. Nichukue na kiti changu, nisikiache nyuma, kwa sababu si mali ya skuli. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, alichonichongea Ami Suleiman, ndugu wa baba yangu aliyenilea, kwa mkono wake, kwa sababu wenzangu wote walikaa chini sakafuni na mimi mgongo wangu, uliochomwa sindano mpaka ukawa kama chujio, haukuweza kukaa chini asubuhi nzima. Nikakiinua, nikakitia kichwani juu ya ushungi, miguu yake imeelekea juu, nikatoka. Pale mlangoni kikagonga kizingiti na watoto wakacheka. Kwa kicheko hicho siwalaumu. Mtoto akiona kitu kimegonga hucheka. Lakini Mwalimu Khatib alicheka pia, na yeye hakuwa mtoto. Nikapita nacho mitaa ya Ng'ambo jua la utosini, kutoka skuli mpaka nyumbani Mwembetanga, shingo imeingia mabegani. Pale mferejini wanawake waliokuwa wanasubiri maji wakaniita: "Wee mwari, harusi wapi? Mbona kiti kimemtangulia bibi harusi?" Mwengine akawaambia, "Muacheni, ndiye yule wa jino," na wote wakasema aa, kwa sauti moja, kama waliojibiwa. Nilikuwa darasa la saba, mtihani haujafika, na siku ile ndiyo niliyovua sare ya skuli nisiivae tena.

Sikutaka kuyaandika haya. Nimechoka, na mtu aliyechoka hupenda mambo ya zamani yabaki yalipolala. Lakini mwaka huu mtoto wa mdogo wangu Rukia amerudi kutoka hospitali Dar es Salaam, hai, alhamdulillahi, baada ya saratani ya damu iliyomuweka kule mpaka akarudi anauliza choo kiko upande gani katika nyumba aliyozaliwa. Jina lake Zuhura. Mimi ndiye ninayekaa naye, kwa sababu Rukia anafua mashuka katika hoteli moja Matemwe na huja mjini siku zake za mapumziko tu. Tuna chumba katika nyumba ya mawe Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, kuta zake upana wa kitanda, zilijengwa zizuie joto na sasa zinazuia na mtandao. Tuliutafuta kila pembe. Kwenye ngazi unakuja na kuondoka, jikoni haufiki kabisa. Mwisho tukagundua unakaa dirishani, basi simu nimeifunga kwenye nondo za dirisha kwa kipande cha kanga, na Zuhura hukaa juu ya sanduku la nguo, uso kwenye nondo, huku chini muuza urojo anamwita kila apitaye. Hapo ndipo anaposoma. Skuli hajarudi bado, damu yake haijapata nguvu ya kukaa na watoto wanaokohoa, na darasa lake ni la sita, ambalo siku hizi ndilo la kumaliza msingi na ndilo la mtihani.

Mwalimu wake anaitwa Neema, yuko Bara, nami sijapata kumuona ila ule uso wake mdogo wa kwenye kioo. Anasomesha kikundi cha watoto wachache, kila mmoja yuko kwao, wote wametoka kwenye maradhi haya au yanayofanana nayo. Siku ya kwanza nilimbeza. Anawaita watoto "wapendwa" na anaanza kusema kabla hajasalimu vizuri. Nikamwambia Rukia kwa simu, "Huyu atamfundisha mtoto kitu gani? Hata salamu hazijui." Rukia akanijibu, "Dada, salamu Mwalimu wako Khatib alikuwa anazijua zote. Zilikusaidia?" Wiki za mwanzo Mwalimu Neema alijaribu kuwasomesha wote kwa pamoja, yeye aseme na wao waitikie, kama tulivyosomeshwa sisi sote, skuli na chuo cha Kurani. Haikuwezekana. Sauti ya huyu inafika mapema, ya yule imechelewa njiani, ya tatu inakuja wakati wenziwe washanyamaza, pakawa kama mnadani. Akacheka mwenyewe. "Basi, zimeni sauti wote," akasema. "Nitaita mmoja mmoja. Ambaye hakumbuki aseme sikumbuki, tutarudia. Hakuna haraka." Zuhura alipoitwa akasema, "Sikumbuki," wazi tu, kama mtu anayesema ana kiu. Na yule mwanamke akasema, "Sawa, turudi mwanzo." Mimi nilikuwa chini nachambua mchele. Mikono ikasita ndani ya sinia. Nilijiuliza: kumbe neno hilo linasemwa? Mtu analisema na dari haimuangukii?

Kwa sababu mwaka ule wangu, mimi niliishi ndani ya kuitikia. Niliporudi kutoka Dar shavu langu la kushoto lilikuwa limeingia ndani, meno ya upande ule hayapo, nywele zinaota kama vumbi. Uvimbe ulikuwa kwenye taya, na madaktari waliutoa kwa dawa za mshipani na nyengine wakazitia kwenye uti wa mgongo. Ukaondoka, wala haujarudi mpaka leo na nywele zangu zina mvi. Bi Zakia, mke wa Ami Suleiman, alinikalisha jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, maana ndicho kikalio pekee kilichokuwapo, akanipa mkate wa boflo niuchovye kwenye chai ya maziwa mpaka ulainike. Mwenyewe anachochea moto, hanitazami. "Sikiliza mwanangu," akasema. "Mtu akikuuliza ulikuwa na nini, sema jino. Jino bovu liliingia usaha, ukapelekwa Dar likang'olewa. Umesikia?" Nikasema naam. "Lile neno jengine usilitaje. Wewe mtoto wa kike. Likishakutoka mdomoni hulifukuzi ukalikamata, na kesho nani atakuja na posa kwa mtu mwenye..." Hakumaliza. Hata yeye hakuthubutu kulitaja mbele ya jungu lake la kunde. Mimi nikala boflo langu na nikaona kwamba nimesitiriwa, na nikashukuru.

Huku kwetu sitara ni kitu kikubwa, na sitaki mtu anifahamu vibaya. Nyumba nyingi zimesimama kwa kusitiriana. Lakini Bi Zakia, Mungu ampe anachostahiki, hakuona kwamba jino ni dogo mno kufunika yale yaliyonipata. Mtu aliyeng'olewa jino hupona. Hasahau saba mara nane. Halali usingizi darasani jua la asubuhi. Hafiki mwisho wa mstari akakuta mwanzo wake ushamtoka. Mimi yote hayo yalinipata, na kila nilipoulizwa sikuwa na jibu jengine ila jino, na jibu lile likanigeuza mvivu. Wanawake wa mtaani walikuja kunijulia hali, wanakaa ukumbini na kahawa zao, nawasikia kutoka chumbani: "Mbona jino lenyewe limemfanya zuzu?" "Ah, amedekezwa huyo. Alipelekwa Dar, kala maembe ya hospitali, sasa hataki hata kuteka maji." "Mie mwanangu aling'olewa matatu, na jioni alikwenda kucheza." Wakicheka, na Bi Zakia akicheka nao. Afanye nini naye? Alikwisha kulisema jino.

Mwalimu Khatib alikuwa kijana wakati ule, shati jeupe, kalamu mfukoni, ndiyo kwanza ametoka chuo cha ualimu. Hakuwa mpigaji. Ningependa angekuwa mpigaji, bakora inauma ikapoa. Yeye alikuwa na sifa: darasa lake hufaulu. Watu wa Mwembetanga na Kikwajuni walimtaja msikitini na dukani, na wazazi walihamisha watoto kumfuata. Alisomesha kwa nusu sentensi. Yeye anasema, "Mto mrefu kuliko yote Afrika ni mto..." na darasa linapiga, "Naaili!" Anasema, "Nane mara tisa ni sabini na..." na darasa linapiga, "Mbili!" Nilikaa juu ya kiti changu nyuma kabisa, kichwa changu juu ya vichwa vya wenzangu kama mtungi juu ya ukuta, na nikajifunza kufungua mdomo kwa wakati. Nikishika herufi ya mwanzo kwa wenzangu, naumalizia mwisho wa neno pamoja nao. Nilikuwa bingwa wa miisho ya maneno. Miezi na miezi mwalimu alinitazama, mdomo unakwenda, uso una heshima, akaridhika. Na mimi nilikuwa nachoka kuliko mpagazi, kwa sababu kuigiza kujua ni kazi nzito kuliko kujua. Nikifika nyumbani naanguka kwenye mkeka na viatu mguuni, na Bi Zakia anasema, "Tazama, tazama uvivu huu ulivyolala."

Ilipokaribia mitihani ya majaribio ndipo alipoanza kutuita mmoja mmoja. Akaniita nisimame nisome, kipande kifupi, habari ya karafuu. Nikasoma mstari wa kwanza. Nikasoma wa pili. Akanifungia kitabu, akaniuliza nimesoma nini. Nilitafuta. Niliona wino, niliona kidole changu kwenye ukurasa, habari yenyewe haipo. Kijana mmoja pale mbele akanong'ona ili wote wasikie, "Jino limeng'oka na ubongo," darasa likapasuka. Mwalimu hakumkemea. Akanitazama kwa muda, na nasema kwa haki, macho yale hayakuwa ya hasira. Yalikuwa ya mtu aliyeona tundu kwenye mtumbwi wake. "Kaa," akasema.

Baada ya alasiri siku ile nilikuwa nimelala chini ya dirisha la ukumbini, ambalo kwa nje ndipo penye baraza ya Ami Suleiman. Kichwa kinanizunguka, pazia limeshuka. Harufu ya kahawa ikaingia, nikasikia vikombe, halafu sauti ya Mwalimu Khatib ikisalimu salamu zake zile ndefu, afya, watoto, mama aliyeko shamba, kazi. Ami Suleiman alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache. Waliongea habari za mbao, wakatafuna kashata. Halafu mwalimu akasema, "Suleiman, nambie kweli. Jino gani lile?"

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini juu ya jiwe.

"Nakwambia wewe tu," akasema Ami. "Wala lisifike kwa mtu. Saratani. Wamemtia dawa mpaka uti wa mgongo. Daktari kanambia mwenyewe, mtoto atakuwa mzito wa kushika mambo, asifokewe, arudiwerudiwe taratibu, atafika."

Wallahi nilifurahi. Sijapata kufurahi vile tena, na ndiyo maana siku ile siisamehe. Nililala pale nikisema, basi, kasikia. Mtu mkubwa kamwambia mtu mkubwa. Sasa anajua si uvivu, kesho atanikalisha mbele, atanirudia. Daktari alisema nitafika.

"Ahaa," akasema Mwalimu Khatib. Akanywa kahawa, nikasikia anavyoivuta. "Sasa ndugu yangu, ushanipa jibu wewe mwenyewe. Darasa langu limejaa mpaka mlangoni. Nimrudierudie mmoja, na wengine niwaweke wapi? Na huyu akiingia mtihani na hali ile ataniangusha. Sijapata kuangushwa mie."

"Tufanyeje basi?"

"Mpumzisheni. Mtoto mwenyewe kachoka, humuoni? Na nikwambie kwa mapenzi, maradhi yale hurudi. Hicho kisomo atakitumia wapi?"

Nilimngoja Ami ajibu. Alikuwa mtu aliyenichongea kiti, usiku na mchana alikipiga msasa kisinichubue, nikangoja aseme neno moja tu. Akasema, "Watu watauliza."

"Semeni jino limerudi," akasema Mwalimu Khatib. Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliomaliza shughuli, na Ami Suleiman akasema, "Haya. Mungu atupe subira." Bi Zakia akatoka na birika kuwaongezea.

Asubuhi yake hakuna aliyeniambia kitu, na mimi sikusema nilichosikia. Nilivaa sare, nikafunga ushungi, nikanywa uji, nikaenda mapema kuliko siku zote. Nilijiambia huenda mwalimu amelala na jambo lile likamgeuka moyoni. Mtu huamka na nia nyengine, hutokea. Yaliyotokea nimekwisha kuyasema mwanzo.

Kuhusu miaka iliyofuata sina mengi. Nimepika kwenye nyumba za watu, nimesuka ukili wa mikeka, nimelea watoto wa wengine na kuwapeleka skuli kwa mkono mpaka getini na kurudi. Ile posa Bi Zakia aliyohofia nitaikosa haikuja, kwa kuwa hakuna mtu wa kuoa msichana ambaye jino lake limekataa kupona. Maradhi ya kweli hayakurudi hata siku moja. Yale ya uongo yaliporudishwa yakakaa. Niliwaamini wote walioniita mzito. Hilo ndilo linalonichosha nikilitazama leo: kwamba niliyasikia maneno ya daktari kwa masikio yangu, kupitia pazia, na bado nikaishi umri wote nikijiona mpumbavu, kwa sababu aliyenihukumu alikuwa mwalimu na shati lake lilikuwa jeupe.

Sasa nirudi dirishani kwetu. Mwalimu Neema hutuma pia masomo ya sauti, mtoto akasikiliza wakati wake. Zuhura hubonyeza, akasikia, akasahau, akabonyeza tena, na yule mwanamke anarudia kwa sauti ileile, hachoki, hapandishi pumzi. Siku moja akatuma sauti kwa sisi walezi. Akasema watoto waliotiwa dawa hizi, hasa za mgongoni, wengi wao huchelewa kushika, husahau walichosoma punde, huchoka haraka. Akasema tusiseme ni uvivu, wala tusiseme hawana akili. Kipande kifupi, pumziko, kurudia, na muda zaidi kwenye mtihani, na wengi hufika pale wenzao walipofika. Zuhura alikuwa amelala mchana, mdomo wazi, mkono juu ya daftari. Mimi nikaibonyeza ile sauti. Nikaibonyeza tena. Nilikaa juu ya sanduku la nguo na uso wangu kwenye nondo mpaka chai yangu ikaota ngozi, nikimsikiliza mtu asiyenijua akisema habari zangu. Zuhura alipoamka akanikuta. "Mamkubwa, kwani na wewe unasoma?" Nikamwambia, "Nshamaliza. Kanawe uso, saa yako inakaribia."

Na mtoto anakwenda. Polepole, lakini anakwenda. Hesabu za sehemu, alizokuwa akilia nazo, sasa anazifanya kwa vipande vya boflo kama alivyoelekezwa, robo yangu, nusu yake, halafu anakula jibu. Anasema, "Mamkubwa, usile hiyo, hiyo ni thumni!" Akisahau anasema amesahau, haoni haya. Mwalimu Neema akatuambia twende skuli mapema, tumuone mkuu, jina la Zuhura liingizwe kwenye mtihani wa mwaka huu na aombewe muda wa ziada, naye yuko tayari kuzungumza na skuli kwa simu siku yoyote. Rukia akapata siku yake ya mapumziko, akaja na mikono iliyobabuka kwa sabuni ya hoteli, tukavaa mabuibui yetu tukaenda.

Mkuu wa skuli alikuwa Mwalimu Khatib. Rukia alijua na hakunambia, aliogopa nisije. Amenenepa, mvi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, chupa ya chai mezani. Nikasema shikamoo, ulimi wangu ulisema wenyewe. "Marahaba mama zangu, karibuni, kaeni." Rukia akamueleza yote, taratibu, mpaka habari ya daktari na ya Mwalimu Neema. Alisikiliza vizuri. Ana adabu mpaka leo. Halafu akasema, "Nimewafahamu. Lakini haya masomo ya simu, mama, ni kuliwaza watoto tu. Mimi nna skuli ya kuiangalia, na matokeo yetu mnayajua. Mtoto katoka kwenye maradhi makubwa. Kwa nini mumtese? Mpumzisheni mwaka huu. Na mwakani tutaona."

Nilikuwa nimeazimia kunyamaza, kwa ajili ya mtoto. Neno lile likaniinua kitini.

"Mwalimu, unanijua?"

Akavaa miwani. "Sura si ngeni. Nimesomesha wengi, mama."

"Mwanaidi. Wa Ami Suleiman fundi, Mwembetanga."

"Suleiman! Allah amrehemu, mtu mwema yule." Akatabasamu kweli, akanielekezea kidole. "Aa! Weye ndiye yule wa jino!"

Rukia akanishika mkono chini ya buibui. Miaka yote ile, na watu wa mfereji washakufa nusu yao, na mtu huyu, aliyeambiwa kweli mdomo kwa sikio, bado ananiita yule wa jino.

"Si jino," nikamwambia. "Na wewe ulijua si jino. Uliambiwa na Ami barazani, mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Uliambiwa nirudiwerudiwe nitafika. Ukasema nitakuangusha."

Tabasamu likabaki pale usoni, limekosa kazi. Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Nje watoto walikuwa wanaitikia kitu, sauti moja, mamia. "Bi Mwanaidi," akasema, "hayo yalikwisha. Zama zile hatukuwa na elimu hii. Na kila mtu na riziki yake, Mungu ndiye aliyekadiria."

"Riziki haikuja kunywa kahawa kwa Ami Suleiman," nikasema. "Wewe ndiye uliyekuja."

Rukia akasema, "Dada, basi." Mwalimu Khatib akainuka, akasema atalitazama suala la mtoto, Mungu akipenda, majina hayajafungwa bado. Akatufungulia mlango mwenyewe. Tukateremka ngazi, na Rukia akalia njia nzima, akinilaumu kwamba nimemuharibia mwanawe, na huenda ni kweli. Sijui. Jina la Zuhura mpaka ninapoandika haya hatujaambiwa kama limo ama halimo. Kila asubuhi anauliza, na kila asubuhi nnamwambia soma.

Ami Suleiman yuko kaburini. Bi Zakia yuko kitandani kwa mwanawe Chukwani, hajui kama ni asubuhi au magharibi, na nilipokwenda kumuangalia alinishika shavu akaniuliza kama jino limepoa. Sikuwasamehe, ila hakuna wa kuulizwa pale. Umebaki wewe, Mwalimu Khatib, una akili zako timamu na muhuri mezani kwako. Sitaki uniombe radhi, radhi yako sina pa kuiweka. Mambo ya akhera utayajibu huko mwenyewe, bila mimi. Mimi nnakutaka hapahapa. Una mkutano wa wazazi kabla majina hayajafungwa. Nitakuja, nitakaa safu ya mbele, na Rukia akitaka aje, asitake abaki. Simama mbele ya walimu wako na wazazi wa watoto hawa useme kwamba uliambiwa, mwaka ule, kwa Kiswahili kilichonyooka, nini kilikuwa kinaniuma na nini kingenisaidia, na ukachagua sifa ya darasa lako. Halafu useme ni wangapi wengine uliowapumzisha baada yangu, maana siamini nilikuwa peke yangu, na wako wapi. Halafu useme Zuhura binti Rukia anafanya mtihani au hafanyi. Na kama hafanyi, usiseme Mungu, usiseme maradhi, usiseme amechoka. Mtaje aliyemtoa, kwa jina lake.